Muulize Daktari: Ini lina mafuta, vitamini D iko chini, nianze na lipi?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, nina kilo 104 na urefu wa sentimita 161. Miezi mitatu iliyopita nilikwenda kupimwa kwa sababu ya uchovu na mapaja yanayouma nikipanda ngazi. Altrasaundi ikaonyesha ini lina mafuta, "daraja la pili". Kwenye damu vimeng'enya vya ini ni ALT 58 na AST 41, chembe za kugandisha damu 236, na vitamini D ni 11. Aliyenisomea majibu alisema upungufu wa vitamini D ndio ulioleta mafuta kwenye ini, na kwamba nikiipandisha ini litajisafisha lenyewe. Nikaanza kumeza yuniti 1,000 kila siku, ninapokumbuka, asubuhi kwa maji kabla sijala kitu. Baada ya wiki nane nikapima kwenye maabara nyingine na vitamini D ikawa 33! Nilifurahi mno. Lakini altrasaundi ni ile ile, na ALT imefika 60. Sasa nimeshauriwa nichomwe sindano moja ya yuniti 300,000 "ili kulishtua ini". Mafuta ya kupikia nimeacha kabisa, na nakunywa juisi ya matunda glasi tatu kwa siku kusafisha ini. Je, nichome sindano? Na kwa nini vitamini imepanda lakini ini halikusikia? Nimeambatanisha picha za majibu yote.*
*– Niliyechoshwa na ngazi*

Marahaba, mwanangu. Umeniletea barua yenye namba, na Mungu akubariki kwa hilo. Wengi huniandikia "vipimo vyangu havikuwa vizuri" halafu wanasubiri nipige ramli. Ila namba moja kati ya zako imekudanganya, na nitaanza na hiyo kabla ya sindano.

Nimevaa miwani nikazitazama karatasi zako mbili. Ya kwanza imeandikwa 11, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, ng/mL: nanogramu kwa mililita. Ya pili imeandikwa 33, na pembeni ni nmol/L: nanomoli kwa lita. Ni vipimo viwili tofauti vya kitu kimoja, kama kilo na ratili. Ukitaka kutoka kipimo cha pili kwenda cha kwanza, gawa kwa 2.5. Basi 33 yako ni kama 13. Umetoka 11 ukafika 13, na tofauti ndogo hivyo inaweza kutokea hata damu ile ile ikipelekwa maabara mbili siku moja. Kwa kifupi vitamini yako haijaenda popote. Nisamehe kwa kukukatia furaha, lakini swali lako la mwisho limejijibu: ini halikusikia kwa sababu hakuna aliyelisemesha.

Usije ukadhani sasa nitakwambia "basi ipandishe kweli kweli na ini litasikia". Ngoja kwanza tuone kwa nini haikupanda.

"Ninapokumbuka" ina lawama yake. Tumbo tupu nalo lina lawama yake, maana vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na mlo mkubwa wa siku wenye mafuta kidogo. Ila sababu kubwa ni mwili wenyewe. Koroga kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe, kisha kijiko kama hicho kwenye ndoo, halafu onja. Vitamini D ikiingia mwilini hutawanyika kwenye damu, misuli na hasa mafuta. Mwenye kilo 60 ni kikombe, wewe na mimi ni ndoo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaweka watu 19 wanene na 19 wasio wanene chini ya taa zenye miale ya urujuanimno. Malighafi ya vitamini D kwenye ngozi ilikuwa karibu sawa kwa wote, lakini kiasi kilichoongezeka kwenye damu ya wanene kilikuwa pungufu kwa asilimia 57. Ngozi ilifanya kazi yake. Mzigo uliishia njiani.

Ndiyo maana muongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, wa mwaka 2011 ulisema mtu mwenye unene uliopitiliza akiwa na upungufu anaweza kuhitaji mara mbili hadi tatu ya dozi ya wengine. Vidonge vyako huenda si feki, ila ni vichache kwa mwili wako. Zungumza na daktari anayekuona ana kwa ana kuhusu kupandisha dozi ya kila siku, kwa aina ya D3, kisha mpime tena baada ya miezi mitatu, maabara ile ile, kipimo kile kile. Bila usimamizi usivuke yuniti 4,000 kwa siku. Kwako wewe 11 ni chini kweli, na mapaja yanayouma kwenye ngazi ni moja ya malalamiko tunayoyasikia kwa wenye upungufu mkubwa. Misuli na mifupa yako inastahili kutibiwa.

Nimesema misuli na mifupa. Sijasema ini.

Hapa ndipo aliyekusomea majibu aliponichokoza. Ni kweli kwamba watu wenye ini la mafuta huwa na vitamini D ndogo kuliko wengine. Tafiti nyingi zimeona hivyo. Ni kweli pia kwamba vitamini D hupitia kwenye ini: ngozi huitengeneza, ini huibadilisha mara ya kwanza kuwa ile tunayoipima maabara, kisha figo huibadilisha mara ya pili kuwa homoni inayofanya kazi. Chembe za ini zinazotengeneza makovu zina hata mlango wa kuipokea homoni hiyo, na kwa panya wa maabara dawa za jamii ya vitamini D zimepunguza makovu. Mtu akiona haya yote pamoja, ni rahisi kusema "basi hii ndiyo sababu". Mimi mwenyewe nilisema hivyo.

Mwaka 2016 nilikuwa na kilo 97. Tulikuwa tunajaribu mashine mpya ya altrasaundi, mwenzangu akaniambia lala tukuone, kwa masihara. Masihara yaliishia hapo hapo. Ini langu lilikuwa linang'aa kwenye skrini kama limepakwa chokaa. ALT 71, vitamini D 14. Nikafanya afanyavyo daktari mvivu: kati ya matatizo mawili nikachagua lenye kidonge. Nilimeza yuniti 4,000 kila siku kwa miezi 11, sikuruka hata siku moja, maana kumeza si kazi. Vitamini D ikapanda hadi 38. ALT ikawa 69. Ini likaendelea kung'aa, na mwenzangu akaendelea kunicheka. Miezi 14 iliyofuata nilipunguza kilo 9, kwa taabu na kwa manung'uniko mengi nyumbani, na ALT ikashuka hadi 31.

Mtu mmoja si utafiti, hasa mtu huyo akiwa ndiye mwandishi. Basi tazama waliofanya vizuri kuliko mimi. Mwaka 2016 huo huo watafiti wa Italia walichapisha jaribio la wagonjwa 65 wenye kisukari aina ya 2 na ini la mafuta. Nusu walimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa wiki 24, nusu walimeza vidonge visivyo na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Mafuta ya ini yalipimwa kwa MRI, ambayo huona vizuri kuliko altrasaundi. Vitamini ilipanda kwenye damu, mafuta ya ini hayakutofautiana.

Na mshale unaelekea wapi? Mwaka 2013 watafiti walichambua vinasaba vya watu wapatao 42,000. Waliozaliwa na vinasaba vya kunenepa walikuwa na vitamini D ndogo. Waliozaliwa na vinasaba vya vitamini D ndogo hawakuwa wanene zaidi. Kila alama moja ya BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) iliyoongezeka iliendana na kushuka kwa vitamini D kwa asilimia kama 1.15. Unene ndio unaoivuta vitamini chini, na huo huo unene ndio unaolijaza ini mafuta. Matatizo yako mawili ni watoto wa mama mmoja. Aliyekusomea majibu alimkuta mmoja amesimama karibu na mwenzake akadhani amemzaa.

Sasa sindano. Jibu langu ni hapana. Yuniti 300,000 ni dozi ya siku 300 za kidonge chako, zote mchana mmoja. Mwaka 2010 Australia ilichapisha jaribio la wanawake 2,256 wenye miaka 70 na kuendelea, waliopewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka ili wasianguke na kuvunjika. Waliopewa walianguka na kuvunjika zaidi ya wasiopewa. Wewe hujafika umri huo, lakini somo la kumimina ndoo nzima kwa mkupuo lipo pale pale. Vitamini D ikizidi mno hupandisha kalsiamu kwenye damu: kichefuchefu, kiu isiyoisha, kukojoa ovyo, kufunga choo, mawe ya figo, hata kuchanganyikiwa. Kidonge ukikosea unakiacha. Sindano ikishaingia kwenye mafuta yako hairudi, itakaa humo miezi. Na "kulishtua ini" si tiba ninayoijua.

Tuache vitamini tuingie kwenye ini lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu. Ini huitwa la mafuta pale zaidi ya asilimia 5 ya chembe zake zinapobeba mafuta. "Daraja la pili" la altrasaundi linakwambia mafuta ni mengi kiasi gani, halikwambii kama kuna makovu. Makovu ndiyo yanayoamua mustakabali wako, kwa sababu ndiyo yanayoweza kuishia kwenye sirosi, yaani ini kukakamaa kwa makovu. Kwa bahati umenipa namba zote za kukadiria, kwa hesabu inayoitwa FIB-4. Chukua umri wako, 43, zidisha kwa AST 41, unapata 1,763. Chukua ALT 58, tafuta kipeuo chake cha pili, ni kama 7.616, zidisha kwa chembe za kugandisha damu 236, unapata kama 1,797. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 0.98. Chini ya 1.3, kwa mtu wa umri wako, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ingevuka 2.67 ningekuambia usimalize hata kusoma gazeti. Hesabu hii haikugharimu sindano wala tone jipya la damu, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekufanyia. Irudie kila baada ya mwaka au miwili.

Pima pia kisukari kwa HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu), shinikizo la damu na lehemu, maana hukuvitaja. Wenye ini la mafuta wengi wakifa mapema huuawa na moyo, si na ini. Ndiyo maana mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha hata jina ugonjwa huu, wakaacha lile la "usiotokana na pombe" na kuufungamanisha na hitilafu za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula.

Kuhusu uzito nitakupa kilo, si asilimia, maana asilimia hazipandi kwenye mizani. Ukipunguza kilo 5, mafuta kwenye ini yataanza kupungua. Kilo 7 hadi 8, mchochota wa ini una nafasi nzuri ya kutulia. Kilo 10 na zaidi, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Hayo yalionekana Kuba katika utafiti wa wagonjwa 293 uliochapishwa mwaka 2015, kipande kidogo cha ini kikichukuliwa na kupimwa kabla na baada ya mwaka mmoja wa kubadili mlo na mazoezi: waliopunguza asilimia 10 au zaidi, tisa kati ya kumi mchochota uliisha. Nikueleze na upande wa pili, waliofika huko walikuwa wachache. Usijilaumu ukifika kilo 6 ukakwama. Kilo 6 si haba kwa ini. Na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki hupunguza mafuta ya ini hata mizani ikigoma.

Juisi nayo. Hapa, mwanangu, umeacha mlango wa mbele wazi ukaziba tundu la panya. Ini hutengeneza mafuta lenyewe kutokana na sukari, na sukari ya matunda huishia kwenye ini kwa sehemu kubwa. Tunda zima lina nyuzi na linashibisha. Glasi ya juisi ni matunda matatu au manne yaliyovuliwa nyuzi, nawe unakunywa glasi tatu. Kati ya yote uliyoniandikia, ukibadilisha kitu kimoja tu leo, badilisha hicho. Kula tunda, kunywa maji, na rudisha mafuta kidogo ya kupikia yatokanayo na mimea.

Utasikia habari za dawa mpya. Zipo: Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024 na semaglutide Agosti 2025 kwa ini la mafuta lenye mchochota na makovu ya kati hadi makubwa. Kwa 0.98 yako hujafika kwenye foleni hiyo, ingawa ukimuona daktari wako kuhusu uzito, hiyo ya pili inaweza kutajwa kwa sababu nyingine.

*Daktari, nimekusoma ukisema vitamini D hukaa kwenye mafuta. Basi sisi wanene si tuna akiba ya kutosha? Kwa nini tunaambiwa tuna upungufu?*
*– Mnene anayejua hesabu*

Hesabu yako si mbaya. Akiba ipo, ila imefungiwa. Mafuta hupokea haraka na kutoa polepole sana. Ukipungua uzito vitamini kwenye damu hupanda kidogo, si kwa kishindo. Na kuna jambo linaloniacha nikikuna kichwa hata mimi: wanene wengi wenye namba ndogo ya vitamini D wana mifupa iliyoshikamana kuliko wembamba. Ndiyo sababu mojawapo inayonifanya niunge mkono muongozo wa Endocrine Society wa mwaka 2024, unaoshauri kutowapima vitamini D watu wazima kwa sababu tu ni wanene. Dada wa ngazi hapo juu alikuwa na dalili. Wewe kama huna, fedha ya kipimo hicho kapimie sukari.

*Kiti changu ofisini kiko kwenye dirisha kubwa la kioo, jua linanipiga mpaka saa nane mchana. Nina kilo 112 na vitamini D ni 9. Inawezekanaje?*
*– Wa dirishani*

Kioo. Miale mifupi ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha kawaida. Inayopita ni ile mirefu, inayokuzeesha ngozi bila kukulipa. Toka nje wakati wa mapumziko, mikono ikiwa wazi, muda mfupi usiokuunguza. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo inavyohitaji muda zaidi. Ila kwa 9 na kilo hizo, jua peke yake litachelewa. Muone daktari kuhusu vidonge, na soma nilichomwambia mwenzako kuhusu kikombe na ndoo. Hakikisha pia hiyo 9 ni ya kipimo gani. Ikiwa ni nmol/L, ni chini ya 4 kwa kipimo kingine, na hapo usisubiri wiki ijayo.

*Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito miaka miwili iliyopita, nimepungua kilo 38 na altrasaundi ya mwezi jana inasema ini liko safi. Naomba ruhusa ya kuacha vidonge vya vitamini D. Nimechoka.*
*– Kilo 38*

Hongera, na ruhusa sikupi. Ini limepona kwa sababu ya kilo. Vidonge vilikuwa kwa ajili ya mifupa, na mifupa haijapona kitu. Utumbo uliopitishwa njia ya mkato hufyonza vibaya vitamini zote zinazoyeyuka kwenye mafuta, na hilo halina tarehe ya kuisha. Baada ya upasuaji kama wako huwa tunaanzia yuniti 3,000 za D3 kwa siku pamoja na kalsiamu, tukipima damu angalau mara moja kwa mwaka. Ukipima, omba na homoni ya paradundumio, PTH. Ikiwa juu, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yako ili kulipa deni. Kama kinachokuchosha ni ukubwa wa kidonge, kuna matone.